Mpasuko wa njia ya haja kubwa: kabla ya kukikubali kisu, na kabla ya kukikataa

Kuna maumivu ambayo mtu huyahesabu kwa saa. Anaingia chooni alfajiri, choo kinatoka kigumu, anahisi kama wembe umepita, anaona damu nyekundu imedondoka. Anafikiri yameisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza: ule moto wa kubana na kuungua huja baada ya choo kutoka, na hadi saa tatu asubuhi bado anakaa upande upande kwenye kiti cha daladala. Kesho yake anaogopa kwenda. Keshokutwa anajizuia kabisa. Choo kilichokaa siku tatu hukauka, na siku kikitoka kinachana palepale palipokuwa pameanza kushikana.

Huo ni mpasuko wa njia ya haja kubwa, mchaniko mdogo kwenye ngozi laini ya mlango wa nyuma. Mipasuko mipya mingi hufunga yenyewe choo kikilainika. Ukivuka wiki sita hadi nane bila kufunga huitwa mpasuko sugu, na hapo ndipo huanza mabishano ninayotaka kuyapima: atibiwe kwa dawa za kupaka na kulainisha choo, au apelekwe kwa daktari wa upasuaji akatwe msuli na yaishe?

Siyaandiki haya kwa mbali. Niliugua miezi saba kabla mtu yeyote hajaniambia jina sahihi la ugonjwa wangu. Mimi ni wa upande wa kuanza na dawa. Lakini nimeona pia jinsi maneno "bila upasuaji" yanavyogeuka kichaka cha kujifichia woga, na kibandiko cha kuuzia chupa za dawa zisizotibu kitu. Kwa hiyo nitazisema namba zote, hata zile zinazoumiza upande wangu.

Tuanze na jina, maana ndipo wengi tunapopotelea. Kwetu karibu kila shida ya sehemu ile huitwa bawasiri. Wengine husema mgoro, wengine kikundu. Mtu huegemea kaunta ya duka la dawa, anashusha sauti, anasema "nina bawasiri", anapewa tyubu au vidonge vya kuingiza nyuma, anaondoka haraka asije akaonekana. Mimi nilifanya hivyo mara nne. Hakuna aliyeniangalia, nami sikuomba kuangaliwa. Bawasiri ni vifuko vya mishipa ya damu vilivyovimba. Kwa kawaida hutoa damu bila maumivu makali, na pengine hujitokeza nje wakati wa kujisaidia. Mpasuko ni kidonda, na dalili yake kuu ni maumivu ya kukata wakati wa choo na baada yake. Kinachochanganya watu ni kwamba mpasuko ukikaa muda mrefu huota kinyama kidogo pembeni mwake. Mgonjwa anakigusa, anaapa ni bawasiri, anaendelea kuingiza vidonge kwenye njia yenye jeraha. Kuna na dawa za kupaka zenye haidrokotisoni, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, ambazo zikitumika kwa miezi huikondesha ngozi ambayo tayari imeshindwa kujishona.

Kwa nini jeraha dogo namna hiyo ligome kupona, wakati kidole kikikatwa na kisu cha jikoni hupona ndani ya wiki? Jibu liko kwenye msuli. Mlango wa nyuma una misuli miwili ya duara. Wa nje tunauamuru wenyewe, ndio tunaoukaza tukiwa kwenye foleni ya choo. Wa ndani haupokei amri yetu. Unabana usiku na mchana, na ndio unaofanya sehemu kubwa ya kazi ya kufunga mlango tukiwa tumetulia. Kwa wagonjwa wengi wa mpasuko sugu, msuli huo wa ndani umekaza kupita kiasi. Mwaka 1989 watafiti wa Ujerumani wakiongozwa na Klosterhalfen walichunguza mishipa ya damu ya maiti, wakakuta kwamba kwa walio wengi sehemu ya katikati upande wa mgongo hupata damu kidogo kuliko kwingine. Hapo ndipo karibu mipasuko tisa kati ya kumi hutokea. Miaka mitano baadaye Schouten na wenzake, Uholanzi, walipima mtiririko wa damu wenyewe na kuonyesha kwamba msuli unavyozidi kubana ndivyo damu inavyozidi kupungua. Kwa hiyo hiki ni kidonda kinachonyimwa damu. Kila maumivu yanaukaza msuli zaidi, na kila ukikaza damu inapungua zaidi.

Ukishalielewa hilo, unaona kwamba pande mbili zinazobishana zinakubaliana juu ya jambo la msingi: msuli lazima ulegee. Tofauti yao ni namna gani, na kwa muda gani.

Njia ya kisu ndiyo ya zamani zaidi, na ina mizizi barani kwetu. Stephen Eisenhammer, daktari wa upasuaji wa Johannesburg, alieleza mwaka 1951 namna ya kukata sehemu ya msuli wa ndani ili kuulegeza. Mwaka 1969 Mitchell Notaras akaeleza jinsi ya kuukata kwa ubavuni kupitia tundu dogo la ngozi, kwa kuwa kukata katikati nyuma kulikuwa kunaacha mfereji uliovujisha uchafu. Upasuaji huo wa ubavuni ndio unaofanyika hadi leo. Ni mfupi, mgonjwa aghalabu hurudi nyumbani siku hiyohiyo, na kinachokatwa hakirudi kama kilivyokuwa.

Njia ya dawa ilipata nguvu miaka ya 1990, ilipofahamika kwamba msuli wa ndani hulegezwa na kemikali ambayo mwili wenyewe huitengeneza, nitriki oksidi. Nitrogliserini, dawa ya miaka mingi ya wagonjwa wa moyo wanaobanwa kifua, huachia kemikali hiyohiyo. Basi kwa nini isipakwe? Mwaka 1997 Lund na Scholefield wa Nottingham walichapisha matokeo yao katika jarida la Lancet. Wagonjwa 80 waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipaka nitrogliserini ya asilimia 0.2 mara mbili kwa siku, nusu mafuta matupu. Baada ya wiki nane, waliopona kwa dawa walikuwa asilimia 68, kwa mafuta matupu asilimia 8. Unaweza kuwaza furaha iliyokuwapo. Ugonjwa uliokuwa wa kisu ulionekana kupata tyubu.

Furaha hiyo ilipunguzwa na Wakanada mwaka 2000. Kundi la madaktari wa upasuaji wa utumbo mpana la huko lilizipambanisha njia hizo mbili moja kwa moja: wagonjwa 82, baadhi wakakatwa msuli, baadhi wakapaka nitrogliserini. Baada ya miezi sita, waliopona kwa upasuaji walikuwa asilimia 92. Kwa dawa, asilimia 27. Mgonjwa mmoja kati ya watano wa kundi la dawa aliiacha kwa sababu ya kuumwa kichwa au kuzirai. Halafu mwaka 2012 ukaja uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, ulioongozwa na Richard Nelson, ukakusanya majaribio 75 yenye watu zaidi ya 5,000. Nitrogliserini iliponya asilimia 48.9, mafuta matupu asilimia 35.5. Karibu nusu ya waliopona kwa nitrogliserini mpasuko uliwarudia baadaye. Na wachambuzi wakaandika bila kuzunguka kwamba hakuna dawa hata moja, ya kupaka wala ya sindano, iliyoukaribia upasuaji kwa uwezo wa kuponya mpasuko sugu wa mtu mzima.

Anayependa dawa kama mimi hana budi kuzitazama namba hizo bila kukwepa macho. Mwenye kuhubiri kwamba tyubu ni sawa na kisu anawadanganya wagonjwa.

Lakini tazama ile asilimia 35.5. Mtu mmoja kati ya watatu alipona kwa mafuta yasiyo na dawa yoyote! Sidhani kama ni miujiza, wala sidhani ni mawazo ya mgonjwa peke yake. Katika mengi ya majaribio hayo, kundi la mafuta matupu nalo liliambiwa lile vyakula vyenye nyuzinyuzi, linywe maji, likae kwenye maji ya uvuguvugu. Yaani lilikuwa linatibiwa. Matibabu tunayoyaita ushauri tu, yale daktari anayoyasema akiwa anaandika cheti, macho yake yakiwa kwenye karatasi, ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya tiba. Tunayadharau kwa sababu hayauzwi kwenye boksi.

Ushahidi wa hili ni wa zamani kuliko wa nitrogliserini. Jensen wa Denmark mwaka 1986 aliwachukua wagonjwa wenye mpasuko mpya, akawagawa: dawa ya ganzi ya kupaka, haidrokotisoni, au pumba za ngano pamoja na kukaa kwenye maji ya uvuguvugu. Baada ya wiki tatu, wa pumba na maji walipona asilimia 87, wa ganzi asilimia 60. Mwaka uliofuata akafuatilia waliokwisha kupona ili ajue nani anarudiwa. Waliokula gramu 15 za pumba kila siku kwa mwaka mzima walirudiwa asilimia 16. Waliokula nusu ya kiasi hicho, asilimia 60. Waliokula kitu kisicho na pumba, asilimia 68. Irudie kuisoma hiyo ya katikati: nusu ya dozi ilikuwa karibu sawa na kutofanya kitu. Mtu anayesema "nilijaribu mboga, hazikunisaidia" huenda alijaribu nusu.

Na hapa Afrika Mashariki inahusika yenyewe. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa karibu miaka 20 na ambaye jina lake limebaki kwenye saratani ya taya za watoto, ndiye aliyeifanya dunia izungumze juu ya nyuzinyuzi. Mwaka 1972, pamoja na Alec Walker wa Afrika Kusini na Neil Painter wa Uingereza, alichapisha vipimo vya uzito wa choo na muda ambao chakula hupita tumboni. Wanakijiji wa Uganda walikuwa na choo kizito mara kadhaa kuliko cha Waingereza, laini, na kilipita upesi zaidi. Walikuwa wanakula mahindi, viazi, maharage, ndizi. Leo mijini tunakula sembe nyeupe, mkate mweupe, chapati, wali na chipsi, kisha tunashangaa. Mashine ya kukoboa huondoa ganda na kiini cha mahindi, na pumba zenyewe wanapewa kuku. Dona, ile ambayo watoto wa bweni waliichukia kwa rangi yake, ni dawa ya ugonjwa huu kuliko vitu vingi vinavyouzwa kwa jina la dawa. Ongeza maharage, matembele, kisamvu, papai, embe na nyuzi zake, uji wa ulezi. Kwenye maduka ya Kihindi pwani huuzwa isabgol, maganda ya mbegu yanayovimba kwenye maji; kijiko kimoja kwa bilauri kamili, kisha bilauri nyingine. Nyuzinyuzi bila maji zinaweza kukaza choo badala ya kulainisha, kwa hiyo mwenye kufunga Ramadhani apange maji yake kati ya futari na daku, asiyaache yakatokea yenyewe.

Kama choo hakijalainika ndani ya siku chache, dawa ya kulainisha kama laktulosi si aibu. Na angalia unachomeza kwa ajili ya maumivu: kodeini na tramadoli hufunga choo, hivyo zinaliongezea jeraha kile kinacholichana. Mama mjamzito anayetumia vidonge vya kuongeza damu naye anaweza kufunga choo kwa sababu yake. Asiviache, amwambie muuguzi kliniki apewe kitu cha kulainisha. Wanawake wengi hupata mpasuko baada ya kujifungua, wakauchukulia ni sehemu ya uzazi, wakanyamaza.

Maji ya uvuguvugu kwenye beseni, dakika kumi hadi kumi na tano, hasa baada ya choo, hulegeza mkazo na hupunguza maumivu. Kama yanaharakisha kidonda kufunga, ushahidi wake ni mwembamba. Mimi nayatetea kwa sababu ya maumivu pekee, na inatosha. Hayahitaji chumvi wala dawa ya kuua vijidudu. Dawa hizo huunguza.

Sasa tukirudi kwenye dawa za kupaka, nitrogliserini si peke yake tena. Diltiazemu ya asilimia 2 na nifedipini, dawa zilizozoeleka kwa shinikizo la damu na moyo, hulegeza msuli uleule kwa njia nyingine. Uchambuzi wa 2012 ulikuta zinaponya kiasi kilekile cha nitrogliserini lakini kwa maumivu machache ya kichwa. Kwangu hiyo si tofauti ndogo. Dawa inayoponya nusu ya watu haiwezi kuponya anayeitupa siku ya nne. Kama daktari wako ana uwezo wa kuchagua, mwombe aanze na diltiazemu au nifedipini.

Tatizo ni kuzipata zikiwa za kupaka. Vidonge vya nifedipini vipo hospitali nyingi, marhamu yake mara nyingi lazima mfamasia aichanganye. Ichanganywe na mfamasia, kwa kipimo, kwa agizo la daktari. Nimekutana na watu waliosaga vidonge nyumbani na kuvikoroga kwenye mafuta ya mgando. Hawajui wamepaka kiasi gani, na dawa hiyo hushusha presha. Inapopakwa, ni kiasi cha punje ya njegere, kwa kidole chenye glovu, kwenye ukingo wa mlango na si ndani kabisa, ukiwa umelala au umekaa siku za mwanzo usije ukaanguka. Na jambo ambalo wanaume hawaulizwi kwa sababu ya haya: nitrogliserini, hata ya kupaka, haichanganywi kabisa na Viagra wala dawa za jamii yake. Presha inaweza kuporomoka hadi kuua. Mwambie daktari, hata kama unaona aibu kuitamka.

Njia ya tatu isiyo ya kisu ni sindano ya botoksi. Sumu hiyo huupooza msuli kwa takriban miezi miwili au mitatu, kisha nguvu inarudi. Waitaliano walichapisha matokeo ya kuvutia: mwaka 1999 Brisinda na wenzake waliripoti asilimia 96 ya waliodungwa wamepona baada ya miezi miwili, dhidi ya 60 wa nitrogliserini. Majaribio yaliyofuata hayakuifikia tena furaha hiyo, na yakijumlishwa pamoja botoksi inakaa karibu na dawa za kupaka. Ni ghali, inahitaji kuhifadhiwa kwenye baridi na mkono uliozoea. Naiona kuwa daraja kwa watu maalumu, nitawataja hivi punde.

Basi kama kisu kinaponya tisa kati ya kumi, kwa nini mtu yeyote aanze na tyubu? Hapa ndipo hoja ya upande wangu inaposimama au kuanguka. Mwaka 2013 Garg na wenzake walikusanya tafiti 22 za wagonjwa zaidi ya 4,500 waliokatwa msuli na kufuatiliwa kwa muda mrefu. Waliobaki na tatizo la aina fulani la kuzuia choo walikuwa asilimia 14. Kwa walio wengi ilikuwa kushindwa kuzuia upepo, asilimia 9, au kuchafua nguo ya ndani, asilimia 6. Kutokwa na choo bila kutaka kulikuwa chini ya asilimia 1.

Vitabu vya tiba huliita tatizo la upepo kuwa dogo. Ni dogo kwa nani? Kwa Mwislamu anayesali mara tano, upepo hutengua udhu. Sheria ina nafasi kwa mwenye udhuru wa kudumu, atatawadha kwa kila sala na sala yake ni sahihi, na hilo ni rehema. Lakini mzee anayeona haya kusimama safu ya mbele msikitini kwa sababu hajiamini, au mwalimu anayeogopa kuinuka mbele ya darasa, amepoteza kitu ambacho hakimo kwenye jedwali la utafiti. Mgonjwa aelezwe hivyo kabla hajatia saini.

Na kuna wale ambao mlango wao ulishadhoofika bila wao kujua. Mwaka 1993 Sultan na wenzake, London, waliwapiga picha za ndani wanawake waliozaa kwa njia ya kawaida kwa mara ya kwanza, wakakuta asilimia 35 wana kasoro kwenye misuli hiyo baada ya uzazi, wengi wao bila dalili. Mwanamke kama huyo akikatwa msuli wa ndani, akiba yake inaisha. Tena mpasuko wa baada ya kujifungua mara nyingi hauna mkazo mkubwa wa msuli, kwa hiyo kukata hakuna hata sababu. Kwake yeye, na kwa mzee, na kwa aliyewahi kufanyiwa upasuaji sehemu hiyo, dawa za kupaka kwanza, botoksi baadaye. Na ikibidi upasuaji, kuna ule wa kuziba jeraha kwa ngozi ya jirani bila kugusa msuli.

Madaktari wa upasuaji wana jibu, na ni jibu zito. Wanasema: mnatisha watu na asilimia 14 huku mkisahau mtu anayeteseka mwaka mzima. Wakanada waliwafuatilia wagonjwa wao wa mwaka 2000 hadi takriban miaka sita baadaye. Waliokatwa hawakuonekana kuwa na shida zaidi ya kuzuia choo kuliko wa kundi la dawa, na walikuwa wameridhika zaidi. Chama cha madaktari wa upasuaji wa utumbo mpana cha Marekani kinakubali dawa kama hatua ya kwanza, lakini kinakubali pia kwamba baadhi ya wagonjwa wanaweza kupewa upasuaji bila kulazimishwa kupitia dawa. Mfikirie dereva wa bodaboda anayekalia kidonda chake saa kumi na mbili kwa siku, kijana mwenye msuli wenye nguvu, hajawahi kuugua kitu, amekosa kazi miezi mitatu. Kumwambia arudie tyubu ya tatu ni kumwonea. Na kwa mtu anayesafiri siku nzima kumfikia daktari, ahadi ya "njoo tuone baada ya wiki mbili" ina nauli ndani yake.

Hoja hiyo imenibadilisha kwa kiasi. Zamani ningesema dawa, dawa, dawa. Sasa nasema dawa kwa kalenda. Wiki nane za kufanya yote kwa pamoja, chakula, maji, kulainisha choo, dawa ya kupaka kila siku bila kuruka. Ikishindikana kabisa, aina ya pili ya dawa au botoksi kama inapatikana. Ikishindikana na hiyo, kwa mtu mwenye msuli mzima, kuendelea kukimbia kisu ni kujitesa, na ndipo mitego ya wauza dawa za "kukausha bawasiri bila upasuaji" inaponasa watu. Wengine wamepakwa vitu vya kuchoma ngozi, wakaondoka na kovu linalobana njia.

Kuna kundi ambalo mjadala huu wote hauwahusu mpaka wachunguzwe kwanza. Mpasuko ulio ubavuni badala ya katikati, ulio zaidi ya mmoja, usiouma hata kidogo, au unaoandamana na homa, kukonda, jasho la usiku au kuhara kusikoisha, unaweza kuwa umeletwa na kifua kikuu, Virusi vya Ukimwi, kaswende, ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo) au saratani. Mtu wa miaka 45 na kuendelea anayetoa damu asikubali kuambiwa "ni mpasuko tu" kabla utumbo haujatazamwa. Kuangaliwa kwenyewe, kwa mpasuko, mara nyingi ni kwa macho, kwa kutenganisha makalio taratibu. Daktari akitaka kuingiza kidole wakati unalia kwa maumivu, una haki ya kumwomba asubiri au atumie ganzi.

Wangu ulifunga wiki ya saba, kwa diltiazemu, dona na beseni. Nilikaa mwaka na miezi miwili bila kuukumbuka, nikarudi kwenye chapati na soda, nao ukarudi. Sasa niko wiki ya tano ya awamu ya pili. Daktari ameniandikia tarehe ya wiki ya nane kwenye kadi, na nyuma ya kadi nimeandika kwa mkono wangu maswali mawili ya kumuuliza: ataukata msuli kwa kina gani, na wangapi kati ya aliowakata yeye mwenyewe walilalamika juu ya upepo. Nikifika siku hiyo bado kidonda kiko wazi, nitamuuliza, na majibu yakiniridhisha nitalala mezani kwake.